Abiria wa Barabara ya Kokoto

Rafiki yangu Rehani hasemi uongo, hata akikuuzia shati lenye kiraka. Miaka ile mitumba iliporuhusiwa, aliichuuza kwa baiskeli hadi vijiji vya ndani, kisha akarudi kwao Gulwe kwa barabara ya zamani ya vilimani, iliyokwisha kuachwa na magari.

Jioni moja alikuwa akirudi, keria tupu. Alipofika kwenye mlima alishuka, akasukuma. Nyuma yake akasikia kokoto zikisagika, hatua za mtu aliyechoka. Njia ile, mwenye baiskeli hamwachi mtu wa miguu. Kule juu Rehani akasema bila kugeuka, "Haya, panda twende."

Keria ikalia. Baiskeli ikawa nzito.

"Unashukia wapi?"

Keria ikalia tena.

Walipofika mlima wa pili uzito ukatoka wenyewe, na hatua zikaanza tena nyuma, kama afanyavyo abiria mwenye adabu. Rehani akageuka. Barabara ilikuwa nyeupe, tupu mpaka bondeni, na hatua zilikuwa zinakuja.

Akaruka juu ya baiskeli, akateremka mbio. Ikawa nzito tena.

Nyumbani aliitupa baiskeli uani, akaingia ndani, akakaza komeo. Mkewe, Salha, alikuwa amemlaza mtoto.

"Baba Aiman, umekuja na nani?"

Sakafu yao ni ya saruji, Salha huifagia kila asubuhi. Juu yake kokoto zilikuwa zikisagika, taratibu, kuelekea kitandani kwa mtoto.