Nilimsalimia Redioni, Nikamvunjia Nyumba

Nina miaka ishirini na minane, mzaliwa wa Buyenzi hapa Bujumbura, na mpaka leo nauza vipuri vya magari katika duka aliloniachia marehemu baba. Mliosikia ule wimbo "Dada Naitika", pengine mkaucheza kwenye harusi, basi mjue mwimbaji wake ni mimi. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunihukumu... au nihukumuni tu, maana nimestahili.

Kwanza mnijue. Mimi nina mdomo. Fundi akija dukani kwangu na boliti mbovu, akidai nimemuuzia mimi, anaondoka hata salamu hajakumbuka. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nikibishana na mkunga. Lakini nikishika kipaza sauti, jamani, nakuwa mtu mwingine! Tangu nina miaka kumi na mitano nimeimba harusi za mtaani kwetu, na kitu kimoja tu nilikitaka katika dunia hii: kusikia wimbo wangu kwenye kumi bora ya Jumamosi.

Kila Jumamosi, baada ya swala ya adhuhuri, redio moja ya mjini hupiga nyimbo kumi ambazo wasikilizaji wamezichagua kwa simu. Garaji zote za Buyenzi hufungulia redio hiyo kwa pamoja. Ukitembea kutoka msikitini mpaka sokoni hukosi hata mstari mmoja. Na wimbo ukifika namba moja, mwimbaji anaitwa studio kutoa salamu. Salamu hizo kwetu si mchezo! Usipomtaja mtu anakununia mwaka mzima, na ukiwa na msiba anakuja kwa kuchelewa makusudi.

Sasa niwaambie habari za Zaituni.

Zaituni alikuwa zaidi ya rafiki. Tulisoma madrasa moja, tulisukana nywele, tulifunga Ramadhani yetu ya kwanza pamoja, na ya pili tukaila kwa siri pamoja. Alipokuwa na miaka kumi na saba alipata mimba. Kijana mwenyewe alivuka mpaka kwenda Uvira na hatukumwona tena. Mama yake, mwanamke mwenye akili, alimhamishia Ruziba kando ya ziwa, kwenye shamba la ukoo. Mtoto alipozaliwa, mama akatangaza kwamba ni wake yeye, Mungu amemjalia uzeeni. Mtoto akaitwa Salma. Akakua akimwita bibi yake mama, na mama yake dada.

Siri hiyo tuliijua watu watatu. Zaituni, mama yake, na mimi mwenye mdomo!

Baadaye Zaituni aliolewa na Hamadi, fundi wa injini, mtu mpole anayeheshimika hapo Buyenzi. Miaka minne ya ndoa hawakupata mtoto. Mawifi wakaanza maneno, kwamba kaka yao ameoa mti usiozaa. Zaituni aseme nini? Kila mwezi alienda Ruziba kumwona "mdogo wake", na alipomlaza alimwimbia wimbo aliotunga mwenyewe:

Lala kapande kangu,
unaniita dada, naitika...

Mstari wa tatu hakuuimba kamwe mbele ya mtoto. Akifika hapo alifunga mdomo na kuupiga kwa pua tu, mm-mm-mm. Maneno yake alinitajia mimi siku moja tukichambua mchele, huku machozi yakimdondokea kwenye ungo: "Mi ndiye nilikubeba, siku moja utajua."

Mimi nilifanya nini na machozi hayo? Niliyapeleka studio.

Fabrice, kijana aliyekuwa na studio ndogo kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wake huko Kigobe, aliniambia nyimbo zangu zote ni za harusi, hazina moyo. Nikaumia. Nikakaa kwenye kiti chake, nikamwimbia ule wa Zaituni, mistari yote mitatu. Akaacha alichokuwa anafanya. Akasema tuurekodi siku hiyohiyo, kabla sijaenda kokote. Sikumwomba Zaituni ruhusa. Nilijiambia hakuna jina ndani yake, nani atajua? Nafsi ikitaka kitu haikosi hoja.

Jumamosi ya kwanza wimbo uliingia namba kumi. Nilikuwa dukani. Nililia, nikarukaruka, nikavunja kioo cha taa ya mteja. Mafundi walikuja kunipongeza na mikono yao ya oili. Zaituni siku hiyo alikuwa Ruziba, hakusikia.

Jumamosi ya pili, namba saba. Kesho yake asubuhi Zaituni alikuja dukani. Alikaa kwenye kigoda, hakuvua hata mtandio. Alikaa hivyo mpaka mteja wa mwisho akatoka.

"Mwajuma, ile wimbo ni yangu," aliniambia. "Mi sitaki maneno mingi. Uitoe."

Nilimwapia kwamba nitautoa. Na wallahi wakati ule nilimaanisha! Jumatatu nilikwenda kwa Fabrice, akampigia mtangazaji mbele yangu. Mtangazaji akasema hakuna tabu, mwenye wimbo akitaka utoke, aseme neno moja tu, hautapigwa tena. Neno moja! Lakini Fabrice akanionyesha simu yake imejaa ujumbe. Watu wa Kamenge, wa Kinama, wa Nyakabiga, watu nisiowajua wananiita dada yao, wanasema wimbo umewaliza. Nikausoma wote. Kisha nikamwambia Fabrice, basi, acha kwanza wiki hii.

Zaituni nikamwambia redio wamekataa, kwamba wimbo ukishaingia kwenye kumi bora hautoki kwa kuombwa. Aliamini. Kwa nini asiniamini mimi? Aliomba jambo moja tu, nisije nikataja jina lake, wala la mtoto, wala la Ruziba. Nikaapa kwa Mwenyezi Mungu.

Jumamosi ya tatu, namba nne. Hapo ndipo usingizi ulianza kunipaa. Kwani unajua nani aliupenda wimbo ule kuliko wote? Hamadi! Aliufungulia kwa nguvu pale garaji, akaupiga mluzi chini ya magari, akarudi nao nyumbani. Zaituni aliniambia anakaanga samaki huku mumewe anapiga mluzi siri yake mgongoni kwake, hadi samaki wanaungua.

Wiki hiyo Hamadi alikuja dukani kununua gasketi. Alilipa, akageuka kama anayeondoka, akarudi.

"Shemeji," alisema, "hii wimbo mi niliisikia kwangu mbele haijatoka kwa radio."

Nilicheka, nikamwambia bila shaka, si nilikuwa naufanyia mazoezi kwao nikimsaidia Zaituni kupika? Alinitazama kidogo. Akasema ndiyo, inawezekana. Akachukua gasketi yake akaenda.

Jumamosi ya nne ulibaki namba nne, na Zaituni alinitumia ujumbe wa neno moja: alhamdulillahi. Alidhani umekwisha. Mimi je? Nilikasirika! Mtanisamehe, nasema ukweli. Rafiki yangu anashukuru Mungu, mimi nawapigia mashangazi simu wapige kura.

Ya tano, namba mbili. Ya sita, mtangazaji alinipigia tangu asubuhi kwamba nijiandae, leo nakuja studio, mimi ni namba moja.

Nilivaa kitenge kipya. Salamu zangu nilikuwa nimeziandika kwenye karatasi ili nisimsahau mtu: mashangazi, mafundi, akina mama wa msikitini, Fabrice na wazazi wake. Jina la Zaituni halikuwemo. Nilisoma karatasi yote bila kosa, hata mtangazaji akanisifu. Nikashusha pumzi nikijua nimepona.

Ndipo akaniuliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi. Wimbo mzuri namna hii, nani alikupa?

Ningesema ni Mungu. Kila mwimbaji husema ni Mungu! Lakini wiki sita za hatia zilikuwa zimenikaa kooni, na kwetu aliyekupa kitu akiwa hai ukamruka kwenye salamu, umemdhulumu mara mbili. Nikaona nimlipe japo kwa heshima hiyo. Nikajidanganya kwamba nikimtaja kwa uzuri atafurahi, atanisamehe. Ulimi hauna mfupa, wazee walisema.

"Namusalimia Zaituni, bibi ya Hamadi wa Buyenzi," nilisema, "na mutoto wake Salma kule Ruziba."

Mutoto wake... Nilitaka kusema mdogo wake. Nilisema mutoto wake. Nilifungua mdomo nijirekebishe, lakini mtangazaji alikuwa ameshabonyeza, wimbo umeanza. Nilikaa mle ndani ya studio nikisikiliza sauti yangu mwenyewe ikieleza kila kitu, mstari wa kwanza, wa pili, na ule wa tatu. Buyenzi nzima ilikuwa inasikiliza. Nilikuwa nimeitafuta hali hiyo maisha yangu yote.

Nilitoka nikikimbia. Nilipofika garaji kwa Hamadi redio ilikuwa imezimwa. Mafundi wake walikuwa wameinamisha vichwa, kila mmoja anajifanya anatafuta spana. Hamadi alikuwa amekaa juu ya tairi. Nilijaribu kumwambia kosa ni langu, siri haikuwa ya ubaya, Zaituni alikuwa mtoto wakati ule. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Angeniambia yeye mwenyewe, ningeenda kumuchukua ule mutoto siku ile ile," alisema. "Lakini nimesikia kwa radio, na watu wangu wote wanasikia."

Jioni hiyohiyo mawifi walikuwa wamejaa uani. Ndani ya wiki Zaituni alipewa talaka moja na akapanda basi la Ruziba na mabegi mawili. Mimi nilisimama upande wa pili wa barabara, sikuthubutu kuvuka. Eda ilipita na Hamadi hakumrudia.

Na wimbo wangu? Jumamosi iliyofuata ulishuka namba tatu. Halafu tisa. Halafu haukusikika tena, na vijana wakashika mwingine wa mtu mwingine. Namba moja niliishika wiki moja!

Ilinichukua miezi mitano kupata ujasiri wa kwenda Ruziba. Zaituni alikuwa anapalilia muhogo nyuma ya nyumba, hakuja hata kunitazama. Aliyetoka mlangoni ni Salma. Ana miaka kumi sasa, na uso ni wa mama yake mtupu. Nilikuwa nimembebea biskuti. Hakuzipokea.

"Ni we uliimba wimbo yangu?" aliniuliza.

Nikaitikia ndiyo. Akaniambia kwamba siku zote alikuwa anausikia, alikuwa anafumba macho tu ili dada asiache kuimba. Ila mwisho wake hakuujua.

"Dada alikuwa anafika pale anafunga mudomo," alisema. "We ukasema yote."

Bibi yake ndiye aliyenisindikiza mpaka njiani, na ndiye aliyenieleza lililobaki. Tangu Jumamosi ile Salma hataki kuimbiwa, analala ameziba masikio. Zaituni alimpigia magoti, akamwambia ndiyo, mimi ni mama yako, niite unavyotaka. Mtoto hamwiti tena dada, wala hamwiti mama. Akimhitaji anasema tu "we".

Wasomaji wenzangu, mimi sina la kujitetea. Nilipewa nafasi ya kusema neno moja tu la kuutoa wimbo, nikalimeza. Neno lililotakiwa kumezwa ndilo nikalitapika mbele ya mji mzima. Wewe unayesoma, kama kuna mtu alilia mbele yako mkichambua mchele, machozi hayo ni amana. Usiyafanye wimbo, usiyafanye kisa cha kuchekesha kwenye harusi, na hata shukrani usimpe mbele za watu kama hajakuomba. Na kama leo bado uko kwenye namba saba ya kosa lako, bado hujafika moja, nakusihi ushuke sasa.

Mimi harusi siimbi tena. Jumamosi mchana nafunga duka, nakwenda kukaa mahali pasipo na redio, na Buyenzi mahali hapo ni pa kutafuta.