Disque ya Dokta Godelive

Jumatatu asubuhi, Butembo, mwaka 2001, vita bado inakula watu. Dokta Godelive aliinua kitambaa cheupe cha kufuma kilichofunika ordinateri, kompyuta ya chuo, kigumu kwa wanga wa amido kama karatasi, akakuta tumbo la mashine wazi. Disque ya kutunzia kumbukumbu hakuna. Ndani yake mlikuwa na hesabu zake zote za namna gesi inavyonata juu ya ngozi ya metali. Bila hizo, nafasi ya utafiti Ulaya, nafasi moja tu kwa watu waliokwisha kuwa madokta, ingempita.

Akaitwa Manassé, inspekta wa polisi ambaye serikali ilimsahau hata kabla haijawakimbia waasi walioshika mji. Mdomo wake ulitangulia kichwa. Aliuliza nani mwingine aliomba nafasi ile, akaambiwa Dokta Zorobabel, mwenzake Godelive.

"Basi kazi imeisha," akatania. "Mwenye njaa hatafutwi mbali na chungu."

Waasi waliokuwa mlangoni na bunduki hawakucheka. Kufikia mchana Zorobabel alikuwa cachot, mahabusu ya kambi yao, na kesho yake angepandishwa lori la Beni. Waliopanda lori lile, Butembo haikuwaona tena.

Manassé aliposikia habari ya lori, aliacha ugali wake sahanini. Alirudi chuoni, akauliza upya, safari hii bila mzaha. Godelive alikumbuka kwamba Jumamosi alimwagia chai kitambaa kile. Sentinelle, mlinzi wa chuo, akaapa kwamba tangu hapo aliyeingia bila kusindikizwa ni Mama Kavugho, mzazi wa Godelive, anayefagia bureau ya binti yake: Jumapili baada ya misa, na tena leo alfajiri.

Manassé akashika kitambaa: hakikuwa na doa la chai. Mwizi gani anaiba, kisha anafua?

Kwa Mama Kavugho redio ilivaa kitambaa, viti vilivaa, hata thermos. Manassé aliketi pembeni, asivikunje.

"Mama, kile cha ordinateri, nani alikifua?"

"Ilikuwa na chai. Ningeiacha chafu, batu baseme mama ya dokta ni muchafu?"

Hapo akatambua amejitaja mwenyewe. Kila wiki ndiye aliyemshikia Godelive taa, binti akipuliza vumbi ndani ya mashine, hivyo alijua disque inapokaa. Akaingiza mkono katika gunia la maharagwe, akatoa disque iliyoviringwa kanga.

"Sikuli, mutoto yangu mwengine, alipanda ndege pale Rughenda, mupaka leo hakurudi. Nikasema, huyu hapana kwenda Ulaya."

"Na Zorobabel?"

"Nilimuona bakimupitisha hapa, damu inamutoka puani. Nikafunga dirisha."

"Dirisha ile tulifunga sisi wawili, Mama. Mzaha wangu ndio ulimfungisha."

Mama alitaka kwenda kambini mwenyewe akaungame. Manassé akamkataza: apeleke disque kwa binti yake, aseme kwa kinywa chake, adhabu hiyo itamtosha.

Kambini, Commandant wa waasi aliisikia habari kutoka kwa Manassé, akakuna shingo.

"Disque imeonekana, donc mwizi hakuna. Sasa nani alitudanganya?"

Manassé akasogea mbele, bila utani.

"Ni mimi, chef."

Zorobabel alitoka, jicho moja limezibwa na uvimbe, akampita bila salamu.

"Viatu," askari akamwambia Manassé, akishikilia mlango wa cachot.

Manassé akainama, akaanza kufungua kamba.