Hodi Kutoka Kwenye Santuri

Mama Chiriku alikuwa anapiga pasi suruali ya mteja aliposikia mtu anabisha. Sauti ya chini, ya mtu mwenye adabu zake asiyetaka kusumbua.

"Hodi."

"Karibu, pita ndani," akajibu bila kuinua kichwa. Nani ainue kichwa pasi ikiwa katikati ya mkunjo wa suruali? Akangoja asikie viatu vinavuliwa, kiti kinavutwa. Kimya. Alipotazama, mlangoni hapana mtu, na komeo liko vile vile alivyolifunga mwenyewe.

Kilichosikika ni santuri ya mumewe chumba cha pili. Nyimbo zilikuwa zimekwisha, sindano imekwama pale ndani kabisa, karibu na karatasi ya katikati, inakwaruza. Kwaru. Kwaru. Kwaru.

"Wewe Chuma! Njoo ulitoe dubwana lako, linajikuna kama mbwa mwenye upele!"

Chuma ndilo jina walilompa mumewe, na lilimkaa mara mbili. Kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti na madirisha, na mapenzi yake yalikuwa muziki wa metali, ule wa thrash wa mwanzo mwanzo, gitaa zinakimbia kama zinafukuzwa na ngoma zinaporomoka kama mabati. "Hawa wanaimba au wanagombana?" mkewe alikuwa akimuuliza. "Wanagombana vizuri," anajibu. Santuri zake alizipanga kwenye masanduku aliyoyaunda mwenyewe, kila moja na mfuko wake wa plastiki, na alizifuta kwa vitambaa laini alivyokatiwa na mkewe kwenye masalio ya cherehani. Lakini kilichomtia wazimu hasa ni majalada. Zama zile yalichorwa kwa brashi: mafuvu, makaburi, minyororo, anga jekundu kama makaa. Angeweza kukaa na jalada moja mpaka chai ikapoa na kuingia nzi.

Santuri ya siku hiyo aliipata kwa mjane wa mkusanyaji mwenzake. Mjane alimwambia jambo moja tu: "Shemeji, ikimaliza kuimba, nyanyua sindano. Marehemu hakuwa akiiacha ifike mwisho." Chuma akadhani anafundishwa kutunza sindano, akacheka moyoni. Sasa alikuwa uani, amelishika jalada juani apate kuona rangi zake sawasawa, na santuri akaisahau.

Akaingia mbio mbio. "Mama Chiriku, hebu tazama. Hapa palikuwa na mtu."

Mkewe alikuwa amemwona asubuhi kwenye jalada hilo: mtu wa joho jeusi amewapa mgongo, amesimama mbele ya mlango wa mawe, mkono juu, anabisha. Sasa ulikuwepo mlango tu, umefunguka kiasi cha kupitisha kidole.

"Rangi imebanduka," akasema.

"Ingebanduka ingeacha weupe. Angalia chini. Kivuli chake kipo."

Kweli, kivuli kilikuwepo, kirefu, kimelala juu ya mawe, na mwenyewe hayupo.

Nyumba ikaanza kunuka kutu na karatasi iliyolowa. Wakaosha sakafu, wakatoa magodoro nje, harufu ikakaa pale pale. Mchana, jua linawaka, kiti cha wageni kilikuwa kinalia taratibu, kama mtu anayejiweka sawa.

Kisha mama Chiriku akajishona. Alikuwa kwenye cherehani, akaona doa jekundu kwenye kitambaa cheupe cha mteja, akakasirika nani kamwaga rangi, akaja kuona sindano imepita katikati ya ukucha wake na bado inapanda na kushuka. Hakusikia kitu. Ganzi. Akaing'oa, akafunga kidole, akaendelea na upindo.

Na jambo jingine, ambalo hata kulisimulia ni zito. Nyumba ile ilikuwa na mtoto wa kwanza, wa kiume, homa ikamchukua mwaka uliopita. Mama alikuwa akiitwa kwa jina la yule, na mtoto alipozikwa watu wakamhamishia la mdogo wake, Chiriku, polepole, wakijikwaa ndimi. Shati la yule mtoto lilikunjwa juu ya rafu, na kila mama akipita hapo alisimama akaligusa. Sasa alipita tu. Siku moja Chuma akaomba vitambaa vya kufutia santuri, mama akanyoosha mkono, akachukua shati, akatia mkasi kwenye kola, akalikata vipande vipande vya mraba. Chuma akavipokea, akafuta. Wala hakutazama.

"Mama," akasema Chiriku, "hilo si la kaka?"

"Ndilo."

"Mbona umelikata?"

"Lilikuwa laini."

Chiriku walimwita hivyo kwa kelele zake, hana nukta. Mama yake alimfundisha adabu kwa kumvuta sikio: mkubwa akisema, mjibu. Mteja akiaga na kusema "karibuni nyumbani," Chiriku ndiye wa kwanza kurukia, "Asante, tutakuja!" hata kwa yule mteja mgomvi aliyerudisha gauni moja tangu mvua mpaka kiangazi. Watu walimcheka na kumpenda. Lakini baada ya siku ya shati, kelele zake zikapungua, zikawa minong'ono, zikaisha. Alikaa karibu na kiti cha wageni na kandambili zake nyekundu miguuni, anatazama mbele.

Jioni moja, jua halijazama, mama akasikia harufu ya kuungua. Akadhani nguo. Chiriku alikuwa ameegemea meza ya pasi, kiganja chake kimelala bapa juu ya chuma cha moto, na uso wake umetulia kama wa mtu anayesubiri zamu.

"Mama," akasema, "mkono wangu unanuka."

Mama akauondoa mkono ule, akauona ulivyo, akasubiri moyo wake upasuke, na moyo haukupasuka, ulikaa tu kifuani kama tonge lililopoa, na alijua, kwa akili tu, kama mtu anayekumbuka njia ya nyumba aliyohama, kwamba hapa ndipo mama hupiga kelele. Basi akajifunga kanga, akaenda kumwita mkunga mzee aliyemzalisha watoto wote wawili, maana huyo ndiye aliyejua na mambo mengine.

Mkunga akafunga mkono wa mtoto kwa dawa, akanusa hewa, akatazama jalada. "Nani alimkaribisha?" akanong'ona.

"Mimi. Nilidhani mteja."

"Hakuvunja mlango, mwanangu. Jini la namna hii hubisha hodi, na mgeni uliyemwambia pita ndani hafukuzwi kwa moshi. Husindikizwa. Umrudishe mpaka mlango aliojia."

Chuma akasema polepole, "Mwacheni. Tangu aje, nalala usiku. Simwoti tena mtoto."

Mama Chiriku akamtazama. Naye alikuwa analala. "Nami pia," akasema. "Lakini huyu aliyebaki anajichoma na halii, baba Chiriku. Tutalala mpaka tumzike na huyu?"

Mkunga akamshika mama bega. "Mkiagana, atawakaribisha kwao. Hapo fumba mdomo. Adabu zote ziache nje. Usimjibu. Na mtoto asiwe karibu."

Chuma akamchukua Chiriku uani, akamshika mkono ule mzima. Mkunga akaliegemeza jalada kando ya santuri, akajiziba mdomo kwa upande wa kanga.

Mama akasimama mbele ya kiti cha wageni. "Haya mgeni, umekaa nasi. Twende nikusindikize."

Kiti kikalia, uzito ukakitoka. Akageuka akatembea, na nyuma yake nyayo zikamfuata, pekupeku, za majimaji, na harufu ya kutu ikampanda puani mpaka machozi yakamtoka bila kilio, na kila hatua aliyopiga kidole chake kilichoshonwa kikaanza kupwita, kwanza kama kinaguswa, halafu kama kinabanwa, halafu akalikumbuka shati, kola yake, kifungo alichokishona yeye, mkasi, mlio wa mkasi, na alitaka kuanguka pale pale lakini nyayo zilikuwa nyuma yake zinangoja, akaenda, akaishusha sindano pale ndani kabisa pasipo na wimbo.

Kwaru. Kwaru.

"Nimekaa vizuri," ikasema sauti ya chini, yenye adabu, safari hii ndani ya kipaza sauti. "Mmenitunza."

Mama akauma ulimi.

Huko uani nako maumivu yalikuwa yamerudi. Chuma akaona alichokuwa amekishika muda wote mkono wa pili, kitambaa cha kufutia, na juu yake tundu la kifungo. Akalijua. Akaketi chini kama aliyepigwa, akauachia mkono wa mtoto.

Na Chiriku, ambaye kiganja chake kilikuwa sasa kinaungua kweli, alikuja anakimbia analia mama, mama, akaingia chumbani wakati ile sauti inasema:

"Nanyi karibuni kwetu."

Mkunga alimrukia. Hakuwahi.

"Asante," Chiriku akasema katikati ya kwikwi, kama alivyofunzwa. "Tutakuja."

Sindano ikajiinua yenyewe. Nyumba ikanuka sabuni na nguo, kama zamani. Mama akamkumbatia mtoto wakalia wote, kilio cha kweli, cha mwaka mzima, na Chuma akaja akalia nao na kile kitambaa mdomoni. Ilichukua muda mtu kulitazama jalada.

Mtu wa joho alikuwa amerudi juu ya kivuli chake. Hakubisha tena. Alikuwa amegeuka, ameushika mlango wazi, kama mwenye nyumba anayengoja. Na kizingitini, zimechorwa kwa brashi nzuri, zimepangwa sambamba kama zinavyopangwa na mtoto aliyefundishwa, kulikuwa na kandambili ndogo nyekundu.

Mama akashusha macho kwenye miguu ya mwanawe. Ilikuwa mitupu.

"Chiriku," akanong'ona, "kandambili zako ziko wapi?"

"Nimezivua mlangoni, mama."