Majina Aliyotuandikia Gilbert Ujerumani

Nilikwenda kwa Gilbert kuchukua sufuria. Sufuria kubwa ya matanga, ya kupikia watu hamsini. Mjomba wetu Anicet, kaka mkubwa wa Mama, alikuwa amefariki siku moja kabla. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni. Mwezi wa Juni giza huingia mapema Durban, na barabara za Queensburgh zilikuwa tupu.

Gilbert ni mdogo wangu; huniita yaya, yaani dada mkubwa. Ana duka la simu mjini, na Mama anaishi kwake. Mwezi uliopita kwaya ya kanisa lake ilialikwa Ujerumani kwa siku saba, katika mji mmoja wa kale. Jina la mji huo sitaliandika. Gilbert amelitaja vya kutosha.

"Yaya Henriette, kaa kwanza. Hujaona picha za mnara."

"Nimekuja kuchukua sufuria."

"Dakika mbili tu. Mama naye anaangalia."

Mama alikuwa kwenye kochi, kitenge begani. Mchana kutwa alikuwa amemlilia kaka yake. Mwanawe akaona amwonyeshe madaraja.

Kwenye televisheni, daraja la mawe, na Gilbert mbele yake, dole gumba juu. Saa kubwa ya mnara ambayo kila adhuhuri hutoa vinyago vya mbao, kimoja mifupa mitupu yenye kengele, na watu wazima wanapiga makofi. Shimo chini ya ukumbi wa mji, walimofungwa watu hadi wakafa kwa njaa. Kuingia ni kwa tiketi. Gilbert alikuwa humo ndani, anacheka, aiskrimu mkononi.

"Hapa walikufa watu mia tatu," alisema kwa fahari, utadhani aliwaua mwenyewe.

"Na wewe ukala aiskrimu."

"Eish, yaya. Kila mtu alikuwa anakula."

Picha iliyofuata ilikuwa ya kanisa. Giza, mishumaa mingi, na Gilbert ameinamia kitabu kikubwa cheusi, kalamu mkononi.

"Kitabu gani hicho?"

"Cha wageni. Niliandika familia yote. Yale majina uliyonitumia."

Mimi ndiye ninayetunza daftari la familia: nani alizaliwa lini, wapi, jina la ubatizo, jina la nyumbani. Aliniomba majina ya walio hai. Nikamtumia kumi na moja, kuanzia mkubwa hadi mdogo. Sikuuliza ya nini. Hilo ni kosa langu, na ninaliandika hapa.

Juu ya ukurasa kulikuwa na maneno yaliyochapwa. Nikaielekeza simu yangu kwenye televisheni initafsirie. Gilbert huuza simu. Kwa siku saba hakufikiria kufanya hivyo. Simu ikaleta Kifaransa, lugha tuliyosomea Bukavu. Nikasoma mara mbili.

*Kitabu cha marehemu wetu. Kila jioni, saa kumi na mbili, jina moja litaitwa.*

"Gilbert. Umetuandika kwenye kitabu cha wafu."

Alicheka. "Wafu gani? Iko wazungu wengi walikuwa wanaandika."

"Jina la kwanza uliandika la nani?"

"Kama ulivyoyapanga wewe. Mjomba Anicet..."

Akaweka rimoti chini.

Mke wa mjomba alikuwa ametueleza. Jana yake mjomba alikuwa jikoni, anakata kitunguu. Akainua kichwa, akasema, "Naam, niko hapa," akaenda kufungua mlango. Nje hakukuwa na mtu. Akaanguka kizingitini. Redio ilikuwa ndiyo kwanza inaanza habari ya saa kumi na mbili.

Jina la pili lilikuwa la Mama.

Nikatazama saa. Kumi na mbili kasoro dakika mbili. Mwezi wa Juni saa zao na zetu ni sawa.

"Wapigie simu. Waambie walifute."

"Nitaonekana mjinga, yaya. Kwaya inataka kualikwa tena."

Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau dakika ile.

Kisha harufu ikaingia. Nta iliyoungua. Jiwe lenye unyevu... Na madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

"Catherine Nabintu..."

Sauti ya mzee, ya polepole, kama mtu anayesoma kwa mwanga hafifu. Ilitoka nje ya mlango. Nabintu ni jina la utotoni. Waliokuwa wakimwita Mama hivyo wote wamezikwa Bukavu.

Mama aliinua kichwa. Nikamrukia, nikamziba mdomo kwa kiganja.

"Usiitike," nilimnong'oneza. "Mama, tafadhali, usiitike."

"Catherine Nabintu..."

Alinitazama kwa mshangao. Maisha yake yote hajaacha kumwitikia mtu. Nikabana zaidi. Mwitaji wa namna hiyo haiti zaidi ya mara tatu. Tulifundishwa hivyo tangu utotoni. Ilibaki moja.

"Catherine Na..."

"Niko hapa!"

Alikuwa Gilbert. Alikwishafika mlangoni, mkono kwenye kitasa. Hakunitazama.

Akafungua.

Nje hakukuwa na mtu.

Tuliwazika siku moja, yeye na mjomba. Katika daftari langu kila aliyekufa ana mstari wa sababu. Wa Gilbert uko wazi mpaka leo. Aliniona nikimziba Mama mdomo; kuelewa hakukuhitaji akili nyingi. Lakini nilimjua mdogo wangu. Huenda alidhani ni mgeni wa matanga. Watu wakisema alijitoa kwa ajili ya mama yake, nanyamaza.

Niliwaandikia watu wa lile kanisa. Walijibu kwa upole. Jina likishaandikwa, halifutwi. Chini ya barua waliambatanisha orodha ya vivutio vya mji, na punguzo kwa vikundi.

Nilitumaini kwamba kifo chake kimetosha. Hakikutosha; mwenye jina alikuwa hajaitika, na orodha haikusogea. Ndivyo alivyokuwa Gilbert: hata hilo alilifanya nusu.

Jioni iliyofuata kifo chake nilikuwa nimemleta Mama kwangu, Bluff. Saa kumi na mbili, ile harufu ikaja. Nikamziba mdomo mapema. Lakini sauti haikuwa ya yule mzee, na haikusoma jina refu.

"Mama..."

Ilikuwa ya Gilbert.

Mama aliniuma kiganja hadi damu ikatoka.

Leo ni jioni ya tisa. Natumia mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba. Jana, kulipokuwa kimya, alinitazama bila hasira. "Mtoto wangu yuko nje kwenye baridi," alisema. "Henriette, utanishika mpaka lini?"

Sasa ni saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Amehamisha kiti chake karibu na mlango.