Prosesa ya Marehemu Abdiel

Jumanne, tarehe 14 Agosti 2001, magharibi ilipokuwa ikiingia, nilisimama dukani kwa Shamsudin, muuza kompyuta za mtumba pale Kwa Mrombo, nikichagua prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Nilikuwa karani mstaafu tangu 1996, nami nilikuwa nimeazimia kumuundia mjukuu wangu Aika, wa darasa la tatu, kompyuta ya kuchezea mbio za magari.

Shamsudin aliweka mbili mezani. Moja mpya, ya megahezi mia tano. Nyingine iliyotumika, ya megahezi mia nane.

"Hii ya pili ni moto, mzee. Ila mwenyewe, Abdiel wa Olasiti, kijana aliyekesha akicheza mbio za magari, kazikwa juzi. Mama yake kaiuza kabla ya kuanua matanga."

"Matanga hayahusu vyuma, Shamsudin. Nifungie."

Ndipo iliponifikia harufu ya udongo mbichi, ilhali Arusha nzima ilikuwa vumbi. Mlangoni alisimama kijana mwembamba.

"Shikamoo, babu," alinong'ona. "Chukua ile mpya."

"Marahaba. Nimekwisha chagua."

Shamsudin aliinua kichwa. "Unasema na nani?"

Mlangoni hapakuwa na mtu.

Kesho yake jioni, nyumbani Njiro, Aika alikuwa akiendesha gari lake jekundu kwenye kioo. Nyuma yake likatokea jeusi, ambalo hatukulichagua. Mara mgao wa umeme ukaanza. Mtaa mzima ukawa giza...

Kompyuta haikuzimika.

Nilichomoa waya ukutani. Feni iliendelea kuvuma... Gari jeusi likasogea.

"Aika, ondoka hapo."

"Kanikataza, babu. Anasema akinishinda, nitakwenda naye."

Vidole vyake vilikuwa vya baridi kama maji ya mto Themi.

Nilimnyanyua, nikaketi mwenyewe.

"Abdiel," nilisema, "huyu ni mtoto. Cheza na mimi. Nimetumikia wakubwa wakali kuliko wewe."

Alinishinda. Sikwenda popote. Aika akarudiwa na joto, akaomba uji.

Mchungaji alinishauri niitupe prosesa ile. Nilikataa: kilichotupwa huokotwa, pengine na mtoto wa mwenzio. Basi kila magharibi, gari jeusi liliporudi, niliketi mimi badala ya Aika, nikashindwa, na kesho yake nikaketi tena.

Jana, Ijumaa, tarehe 31 Agosti, gari jeusi halikutokea. Nilingoja...

Kisha nikamsikia Aika chumbani kwake, akinong'ona na mtu. Nilipoingia, alikuwa peke yake.

Naandika haya mlangoni pake, kiti changu kimeziba njia.

Na aje.