Mafua Aliyoyazoea Nyamizi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, mjukuu wangu Nyamizi alimpelekea babu yake uji. Mume wangu, mzee Nkwabi, alisaga mawe ya dhahabu miaka mingi, na vumbi lile likamwachia kifua kibovu. Alikunywa nusu, kisha akampa Nyamizi bakuli lile lile amalizie. Ndivyo walivyopendana tangu mtoto huyo ajue kukaa.

Mwaka ule wa korona, mwalimu aliwaonya wanafunzi: anayekohoa asikae karibu na wazee. Lakini Wilbard, mwenzake Nyamizi wa darasa la sita, alikuwa na habari nyingine.

"Korona na mafua ni ndugu, nimesikia redioni," alimwambia njiani. "Na wewe kamasi zako hazijakauka tangu darasa la kwanza. Korona itakukimbia."

Nyamizi alicheka, na maneno yale akayaamini.

Jumatano alianza kukohoa. Nilipomuuliza, alijibu, "Ni vumbi tu, bibi." Alhamisi na Ijumaa akanywa uji na babu yake kama kawaida.

Jumatatu iliyofuata Nkwabi alishindwa kuinuka kitandani. Alivuta pumzi kama mtu anayepanda mlima. Jirani yetu, Mama Mihayo, aliacha nguo zake kwenye beseni, akakimbia kututafutia bajaji, akapanda pamoja nami na Nyamizi ili amshikilie mgonjwa.

Hospitalini Nkwabi aliwekewa oksijeni. Muuguzi Mektilda akaniuliza, "Nani mwingine nyumbani anakohoa?"

"Hakuna," nikajibu. Niliamini kuwa ni vumbi.

Nyamizi alikuwa nyuma yangu, barakoa yake imelowa machozi. "Mimi," akasema. "Tangu Jumatano. Sikutaka kukaa mbali na babu. Nilidhani mafua yangu ya kila mwaka yananikinga."

Nilitaka kumkaripia. Badala yake nikamshika bega.

"Umefanya vizuri kusema," alisema Mektilda. "Sasa najua wa kuwapima."

Tulipimwa sote tuliopanda bajaji ile. Nyamizi alikutwa na korona kama babu yake; sisi wengine hatukuwa nayo. Akakaa chumba cha peke yake nyumbani, na kila siku aliniuliza kupitia mlangoni, "Babu anapumua?" Siku nyingine nilimjibu tu, "Kwa shida."

Siku ya tisa Nkwabi aliondolewa oksijeni. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mtoto anaendeleaje?"

Nyamizi alipopona, tulikwenda pamoja kumchukua babu yake. Akamsogelea muuguzi.

"Shikamoo. Kumbe redio ilidanganya kuwa mafua na korona ni ndugu?"

"Marahaba. Haikudanganya, ila mlisikia nusu," alijibu Mektilda. "Baadhi ya virusi vya mafua ni ndugu wa korona. Wataalamu wanachunguza kama mwili uliowahi kuvishinda unapata nguvu kidogo. Huenda kwa baadhi ya watu ugonjwa ukawa mwepesi. Lakini mafua mengi huletwa na virusi vingine kabisa, kwa hiyo usiyategemee hata siku moja."

"Mimi ndiye niliyemwambukiza babu?"

"Hilo sijui, mwanangu, wala hatutalijua. Ninachojua ni kwamba ugonjwa uliopita kwako kama kikohozi, kwake nusura uwe kifo. Ukikohoa, sema siku hiyo hiyo, na ukae mbali na mwenye kifua kibovu. Huko ndiko kumpenda."

Nyamizi akamshika babu yake mkono. Tukatoka taratibu, tukisimama kila mzee alipochoka.