Pasi ya Chumba cha Nyuma

Pasi ilikuwa ya moto, na makaa hayakuwa yamewashwa. Zakariya aliigusa alipokuwa akilikagua duka la dobi la Mzee Gharib, Mji wa Kale, miaka ile ya tisini. Akanyonya kidole, akaendelea kukagua. Alikuwa amewafulia watu nguo Makupa hata mikono ikamchubuka, na sasa alitaka duka lake mwenyewe.

Akataja bei. Mzee Gharib akatikisa kichwa. Akaongeza kidogo, mzee akatikisa tena.

"Nihurumie, ami," Zakariya akasema, vile sote tusemavyo tukitaka kupunguziwa. "Mwenzio nina mtoto, Ruweida wangu."

Mzee alimkamata mkono. "Usimtaje mtoto humu," akanong'ona.

Lakini keshamtaja. Kutoka chumba cha nyuma, ambamo hamkuwa na mtu, ilisikika pumzi ya dobi akipuliza maji kwa kinywa juu ya nguo, fuu, kisha pasi ikatuliwa mezani. Machozi yalimtoka mzee. "Bei yako imekubaliwa," akasema. "Chukua ufunguo."

Na huyo mjinga akachukua. Namwita mjinga, lakini mie mwenyewe ningechukua.

Asubuhi alipofungua duka alikuta gauni dogo la manjano mezani, limetiwa wanga, limekunjwa, lingali la moto. Alilijua. Alimnunulia Ruweida sikukuu ya Idi, Biashara Street, na jana lilikuwa kabatini kwake. Alikimbia nalo nyumbani akamkuta mtoto ana homa, ngozi inachoma, ananuka makaa, na mkewe, Mwanaesha, akimkanda kwa kitambaa cha maji ambacho kilikauka kila alipokiweka, akikirovya tena na tena.

Walimwita Sheikhan, mganga wa mtaani. Alisoma, akafukiza ubani, akasoma tena, hata kanzu ikamganda mgongoni kwa jasho.

"Ni jini," alisema kwa sauti ya chini. "Hatoki. Anasema hakuiba, alitajiwa mtoto kwenye mapatano, naye akaridhia."

"Nilikuwa naomba bei tu, Sheikh."

"Najua, mwanangu. Yeye hajui maneno ya sokoni."

Zakariya akaenda mbio kwa Mzee Gharib, akamwekea ufunguo magotini, akamwambia achukue duka, achukue na pesa, hataki chochote, arudi tu Makupa kufua nguo za watu, na huku anasema analia, na mzee naye analia, wala hakuugusa ule ufunguo.

"Wanangu wote wamekwisha," mzee alisema. "Nimebaki na mjukuu mmoja. Nisamehe, Zakariya. Sipokei."

Alasiri alirudi nyumbani miguu mizito. Mwanaesha alimpokea mlangoni akicheka na kufuta machozi. "Homa imemtoka, alhamdulillahi. Amekula."

Ruweida alikuwa ameketi kitandani, amevaa gauni la manjano, halina hata kunyanzi moja. Zakariya alimkumbatia. Kitambaa kilimchoma kifuani.

"Baba, nipeleke dukani," mtoto alisema. "Yule babu amenambia nguo zangu zote ziko tayari."

"Babu gani?"

Ruweida alitazama pazia la mlango. Nyuma ya pazia mtu alivuta maji kinywani, akapuliza.